SOMO LA MAKATIBU: KUSITA SI KUKATAA

Maneno ya kutotaka kutenda katika mihtasari na barua za chama

Katika chama cha ushirika mambo mengi huanza kwa maneno ya mdomo na huishia katika maandishi. Mwanachama husema mkutanoni, katibu huandika, na baada ya miezi kadhaa mkaguzi husoma. Wakati huo aliyesema huenda hayupo, na namna alivyosema imekwisha kusahauliwa. Kinachobaki ni neno aliloliandika katibu. Iwapo neno hilo lilikuwa zito kuliko jambo lenyewe, mwanachama ataonewa. Iwapo lilikuwa jepesi kuliko jambo lenyewe, chama kitapoteza mali yake.

Miongoni mwa maneno yanayoleta matatizo ya namna hii ni yale yanayoeleza kwamba mtu hakutenda jambo alilotakiwa kulitenda. Makatibu wengi hutumia neno moja tu, nalo ni "alikataa". Mwanachama asipoleta mawese yake chamani, amekataa. Mdhamini asipotia sahihi, amekataa. Mjumbe asiponyoosha mkono wakati wa kura, amekataa. Ilhali Kiswahili kina maneno mengi ya kueleza hali hizo, na kila neno lina uzito wake kama mawe ya mizani. Mpimaji mwenye jiwe moja tu hawezi kumtendea haki mkulima wa kahawa. Vivyo hivyo katibu mwenye neno moja tu hawezi kumtendea haki mwanachama.

Kwa nini jambo hili linahusu ushirika

Ushirika umejengwa juu ya hiari. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipoanzisha chama chao mwaka 1844, hakuna aliyewalazimisha kujiunga. Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani ulipotoa tamko lake mjini Manchester mwaka 1995, msingi wa kwanza uliotajwa ulikuwa uanachama wa hiari na ulio wazi kwa wote. Maana yake ni kwamba mwanachama anayo haki ya kutaka na pia anayo haki ya kutotaka. Anaweza kupinga hoja, anaweza kujizuia kupiga kura, na anaweza kujitoa katika chama kwa kufuata masharti. Asichokuwa na haki nacho ni kuchukua mali ya wenzake akaacha kuirudisha. Kwa hiyo daftari la chama halina budi kutenganisha kutotaka kulikoruhusiwa na kutotaka kunakovunja masharti.

Historia ya nchi yetu inafundisha jambo hili. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kufanya kazi za ushirika wa shughuli nyingi, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, mpaka vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya kati mtu alihesabiwa kuwa mshiriki kwa sababu ya kuishi kijijini tu, pasipo kuulizwa kama anataka au hataki. Mkoani Kigoma kwenyewe, Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972 na watu wengi wakahamia katika vijiji vipya. Wapo waliohama kwa moyo mmoja, wapo waliohama kwa shingo upande, na wapo waliohamishwa. Taarifa inayosema tu kwamba "wananchi walihama" inawaweka wote hao katika kapu moja, na msomaji wa leo hawezi kujua nani alikuwa nani. Hapo ndipo penye hasara ya neno lisilopimwa.

Mfano: ziwa lilipofungwa

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hatua hiyo ilitokana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Kwa miezi mitatu mitumbwi ilikaa mchangani, na vichanja vya kuanikia dagaa vilibaki vitupu.

Na uchukuliwe mfano wa kufunzia tu, usiohusu chama chochote kinachojulikana. Mvuvi mmoja alikopa katika chama cha akiba na mikopo ili anunue wavu na injini. Alilipa kila mwezi mpaka Mei. Juni hakuleta kitu. Kamati ya mikopo ilimwita, naye akafika. Makatibu wanne wanaweza kuliandika jambo hilo kwa namna nne:

Wa kwanza: "Mwanachama amekataa kulipa."

Wa pili: "Mwanachama ameshindwa kulipa."

Wa tatu: "Mwanachama anasuasua kulipa."

Wa nne: "Mwanachama hajalipa marejesho ya Juni. Alieleza kwamba ziwa limefungwa hadi tarehe 15 Agosti na kwamba hana kazi nyingine. Aliomba aanze tena kulipa Septemba. Alipoulizwa kama anaweza kutoa sehemu, alijibu kwamba ataweza kutoa nusu akiuza mbuzi wake. Hakutaja tarehe ya kuuza."

Bodi ikisoma maandishi ya katibu wa kwanza itaona ukaidi, nayo itajadili adhabu. Wadhamini wataitwa, na huenda injini ikachukuliwa. Ziwa litakapofunguliwa, mvuvi huyo hatakuwa na chombo cha kumpatia samaki wa kulipia deni. Chama kitakuwa kimekamata injini na kupoteza marejesho. Bodi ikisoma maandishi ya katibu wa pili itaona balaa isiyo na dawa, nayo huenda ikanyamaza kimya mpaka deni liote mizizi. Maandishi ya katibu wa tatu yanalaumu pasipo kueleza: mtu aliyelipa kila mwezi mpaka Mei hakuwa akisuasua. Maandishi ya katibu wa nne ndiyo pekee yanayoipa bodi kitu cha kuamulia: sababu, ombi, ahadi, na pengo lililomo katika ahadi hiyo.

Na uangaliwe upande wa pili pia. Katika chama hichohicho yumo mwanachama mwingine aliyekopa kwa ajili ya uvuvi, lakini ana duka mjini na nyumba ya kupangisha. Naye hakulipa Juni, wala hakufika alipoitwa mara mbili. Katibu akimwandikia "ameshindwa kwa sababu ya kufungwa kwa ziwa", atakuwa amempa huruma asiyostahili. Fedha alizokopa ni akiba za wanachama wenzake, wakiwamo akina mama wanaouza dagaa sokoni kwa mafungu. Huruma ya katibu mmoja inalipwa kwa jasho la watu wengi. Dawa ya deni ni kulipa, na kazi ya kwanza ya maandishi ni kuonyesha nani hana na nani anacho lakini hakitoi.

Uzito wa kila neno

Yafuatayo ni maneno yanayohitajiwa mara kwa mara na katibu, yakianzia mepesi na kuelekea mazito.

Kusita ni kusimama kabla ya kutenda kwa sababu moyo haujaamua. Anayesita anaweza kusonga mbele akipewa maelezo. Akisimama na kuanza tena mara kadhaa, anasitasita.

Kuchelea ni kuogopa baya linaloweza kutokea. "Mdhamini alichelea kutia sahihi" maana yake alihofia matokeo. Hapo bodi inapaswa kuuliza ni matokeo gani, kwa sababu huenda mdhamini anajua jambo ambalo bodi hailijui.

Kuona uzito ni kuhisi kwamba jambo linaelemea nafsi, hata kama mtu hawezi kutaja sababu. Neno hili hufaa pale mwanachama anapotakiwa kumshtaki jirani yake au ndugu yake.

Kusuasua ni kwenda bila kuendelea. Anayesuasua ameanza, lakini kazi haifiki popote. Neno hili linataka ushahidi wa zaidi ya mara moja: tarehe zilizopita na kiasi kilicholipwa kila tarehe.

Kutegea ni kukaa karibu na kazi huku ukiwaachia wengine waifanye. Wanachama wakikubaliana kupalilia shamba la michikichi la chama, mtegeaji hufika na jembe, lakini mtaro wake hauonekani.

Kuzembea ni kuacha wajibu kwa kutojali. Neno hili ni tuhuma. Lisiandikwe mpaka wajibu wenyewe utajwe na iwe wazi kwamba mhusika aliujua.

Kukwepa ni kujiondoa mbele ya jambo kwa makusudi, kama mtu anayepita njia ya nyuma ili asionane na mweka hazina. Wapo pia viongozi wanaowakwepa wanachama kwa kuwazungusha: njoo kesho, njoo keshokutwa. Daftari litaje kukwepa kwa pande zote mbili.

Kupinga ni kutokubaliana na hoja kwa maneno. Mwenye kupinga anatumia haki yake, na sababu zake ziandikwe. Kupinga hoja si kukataa kazi. Mjumbe aliyeipinga hoja ya kununua gari anaweza kuwa wa kwanza kulitunza gari hilo likishanunuliwa.

Kukataa ni kusema hapana kwa kauli au kwa kitendo kisicho na shaka. Neno hili lisichanganywe na kukanusha. Anayekataa deni hataki kulilipa, lakini anayekanusha deni anasema halipo. Wa kwanza anadaiwa, na wa pili anataka leja ifunguliwe.

Kususia ni kujitenga na jambo ili kuonyesha kutoridhika, kwa mfano kutohudhuria mkutano mkuu kwa sababu malipo ya kahawa yamechelewa.

Kugoma ni kusimamisha kazi, mara nyingi kwa pamoja, ili madai yasikilizwe. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na hawakufanya hivyo kwa uvivu. Walikuwa wakidai maslahi yao. Katibu akiandika "waligoma" bila kuandika madai, ameandika nusu ya habari.

Kukaidi ni kutotii agizo halali baada ya kulijua. Hili ndilo zito kuliko yote. Mbele yake lazima zitangulie hati tatu: agizo lenyewe, uthibitisho kwamba lilimfikia mhusika, na muda aliopewa.

Viambishi vidogo, tofauti kubwa

Si maneno makubwa peke yake yanayobeba mzigo. Viambishi vya kukanusha navyo hupeleka habari mbali.

"Hajalipa" inaeleza hali mpaka sasa, na inaacha mlango wazi kwamba huenda akalipa. "Hakulipa" inafunga kipindi kilichopita: siku ya malipo ilifika, fedha hazikufika. Maneno yote mawili hayasemi lolote juu ya moyo wa mtu, na kwa hiyo ni salama kwa katibu.

"Halipi" ni neno la hatari. Linaweza kueleza mazoea, yaani mtu huyo si mlipaji, au kueleza uamuzi, yaani ameazimia kutolipa. Katika mazungumzo, sauti huonyesha maana iliyokusudiwa. Katika daftari hakuna sauti. Afadhali lisitumike.

"Hatalipa" inahusu siku zijazo. Iwapo mwanachama mwenyewe ndiye aliyesema, iandikwe "alisema kwamba hatalipa". Iwapo ni maoni ya kamati, iandikwe "kamati inaona kwamba hatalipa". Ubashiri wa kamati usigeuzwe kuwa kauli ya mwanachama.

"Hawezi kulipa" inahusu uwezo, nao una vipimo: mavuno, mifugo, ugonjwa, hali ya soko. "Hataki kulipa" inahusu moyo, na moyo wa mtu haukaguliwi. Neno "hataki" liandikwe pale tu mwenyewe alipolitamka.

Jambo la kuangalia ni kwamba kutaka na wakati ujao vina undugu katika Kiswahili. Wanasarufi hueleza kuwa kiambishi "ta" cha wakati ujao kimetokana na kitenzi "taka", na alama yake bado inaonekana katika maneno kama "atakayelipa" na "watakaokuja". Ndiyo sababu "hatalipa" na "hataki kulipa" huelekea kuingiliana midomoni mwa watu. Katibu ndiye anayepaswa kuzitenganisha.

Pale ambapo "hapana" haisemwi

Katika mwambao wa ziwa, kuanzia Ujiji na Kigoma mjini hadi vijiji vya wavuvi, adabu haimruhusu kijana kumwambia mzee wake "sitaki" mbele ya watu. Husema "nitaangalia", au "tutaona", au "Mungu akipenda", au "nipe muda". Aghalabu msikilizaji wa hapohapo huelewa kama hiyo ni ndiyo au ni hapana. Lakini mkaguzi kutoka mbali hawezi kuelewa. Mgeni akisoma "aliahidi kuangalia", atadhani ipo ahadi, kumbe palikuwa na kukataa kwa heshima.

Lugha za nyumbani nazo huchangia. Katika Kirundi, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiha, kitenzi "kwanka" hubeba maana ya kukataa na pia maana ya kuchukia. Mtu aliyelelewa katika lugha ambayo maana hizo zinaishi nyumba moja huweza kuchelea kutamka "nakataa" asije akaonekana anamchukia aliyemwomba. Katibu mwenye busara hamharakishi mtu kama huyo. Humuuliza swali lenye siku na kiasi: "Je, mzee, niandike kwamba utaleta tarehe mosi, au niandike kwamba hukutaja tarehe?" Jibu la swali hilo ndilo linaloandikwa.

Kimya nacho kinahitaji uangalifu. Wapo wenyeviti wanaosema kwamba mkutano ukinyamaza umekubali. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wanachama huweza kunyamaza kwa sababu wamekubali, au hawakuelewa, au wanamwogopa msemaji. Kwa hiyo haifai kuandika "wote walikubali" pale ambapo hakuna aliyenena. Hesabu ichukuliwe: waliokubali, waliopinga na waliojizuia.

Vilevile kuna kukubali kwa shingo upande. Mjumbe anatia sahihi, lakini uso wake unaangalia mlangoni. Sahihi yake ni halali na uamuzi unasimama. Hata hivyo, kama alitoa dukuduku kabla ya kutia sahihi, dukuduku hilo liandikwe. Mara nyingi maneno ya mjumbe mmoja aliyekubali kwa shingo upande ndiyo yaliyoonyesha mapema mahali ambapo hasara ingetokea.

Mashine "inapokataa"

Kiswahili huruhusu kusema kwamba kitu kisicho na roho kimekataa. Injini imegoma kuwaka, mvua imekataa kunyesha, kufuli halitaki kufunguka. Waingereza nao husema hivyohivyo juu ya injini. Usemi huu ni mtamu katika mazungumzo, lakini katika taarifa ya chama huweza kumficha mtu nyuma ya chombo. Taarifa ikisema "mashine ya kukamulia mawese imegoma tangu Machi", mashine ndiyo imebeba lawama yote. Je, ilitiwa mafuta? Nani alipewa kazi hiyo? Vipuri viliombwa lini, na barua ya maombi iko wapi? Chuma hakina utashi. Kila mahali ambapo chombo "kimekataa", katibu aandike kilichoharibika, siku kilipoharibika, na mwenye dhamana ya kukitunza.

Barua za Kiingereza

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hata hivyo barua za Kiingereza bado hufika vyamani, hasa kutoka kwa wanunuzi wa nje, wafadhili na baadhi ya mabenki. Kiingereza nacho kina ngazi zake za kutotaka, na chama kinaweza kupata hasara kwa kusoma ngazi moja badala ya nyingine.

Mnunuzi wa kahawa akiandika kwamba yeye ni "reluctant" kuongeza bei, hajakataa. Neno hilo lina asili ya Kilatini yenye maana ya kushindana na jambo: nafsi inavuta nyuma. Hapo bado pana nafasi ya kupeleka hoja, sampuli na hesabu. Akiandika "unwilling", nafasi imekuwa ndogo. Akiandika "we decline", amekataa kwa adabu. Akiandika "we refuse", amekataa kwa ukali, na wafanyabiashara huliepuka neno hilo.

Yapo maneno ambayo adabu imeyafunika. "We are unable" kwa herufi zake ni "hatuwezi", lakini katika barua za ofisi mara nyingi maana yake ni "hatutaki". "We regret" ni "tunasikitika", na kwa kawaida kinachofuata ni hapana. "I am afraid" katika barua haina hofu yoyote ndani yake. Ni njia ya kutanguliza habari isiyopendeza. Katibu akimtafsiria mwenyekiti kwamba "meneja wa benki anaogopa", bodi itatafuta kitisho kisichokuwapo.

Neno linalodhuru kuliko yote ni "failed". Mkataba wa mkopo ukisema mkopaji "failed to pay", maana yake ni kwamba hakulipa, basi. Hausemi kwamba alijaribu. Watafsiri wengi huandika "alishindwa kulipa", na mara moja msomaji wa Kiswahili humwona mtu aliyepambana akazidiwa. Kwa neno hilo moja mdaiwa mwenye mali huonewa huruma. Tafsiri iliyo salama ni "hakulipa". Kama alijaribu, ushahidi wa kujaribu uandikwe kando.

Mwishoni mwa barua hizo huwapo maneno "please do not hesitate". Kutoka hapo ndiko ilikotoka desturi ya kuandika "tafadhali usisite kuwasiliana nasi" katika barua zetu. Si kosa la sarufi, lakini mwanachama wa Kiswahili anaweza kujiuliza ni nani aliyemwambia kwamba anasita. Barua ya chama inaweza kusema kwa urahisi zaidi: "Ukiwa na swali, fika ofisini siku yoyote ya kazi."

Kanuni za kushika

Kwanza, katibu aandike kwanza kilichotendeka au kisichotendeka, kisha sababu iliyotolewa, kisha ombi au ahadi, pamoja na tarehe.

Pili, maneno ya moyoni kama "hataki", "hajali" na "ana dharau" yasiandikwe ila yawe yametamkwa na mhusika mwenyewe, nayo yawekwe ndani ya alama za kunukuu.

Tatu, maneno ya tuhuma kama "amezembea" na "amekaidi" yafuatwe na hati zinazoyathibitisha.

Nne, kabla ya muhtasari kutiwa sahihi, sehemu inayomhusu mwanachama aliyepo mkutanoni isomwe kwa sauti, naye aulizwe kama ndivyo alivyosema. Akisema sivyo, irekebishwe palepale.

Tano, kipimo kiwe kimoja kwa wote. Neno lililotumiwa kwa mvuvi asiye na kitu litumike kwa mwenye duka pia, na litumike kwa mjumbe wa bodi kama linavyotumika kwa mwanachama wa kawaida.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Chukueni muhtasari wa mwisho wa chama chenu. Hesabuni mara ngapi neno "kukataa" limetumika. Katika kila mahali, je, mhusika alikataa, alisita, alichelea, au hakuweza? Mmejuaje?

2. Mwanamke mwenye shamba la michikichi alikubali kumdhamini shemeji yake, kisha siku ya kutia sahihi hakufika. Andikeni sentensi mbili za muhtasari zisizomwonea wala kumficha.

3. Mjumbe wa bodi mwenye mkopo wa chama amesema katika kikao, "Tutaona mambo yatakavyokwenda." Mwenyekiti amemwambia katibu aandike "ameahidi kulipa". Katibu afanye nini, na amjibu mwenyekiti kwa maneno gani yenye heshima?

4. Tafsirini kwa Kiswahili taarifa inayosema kwamba wanachama watatu "failed to attend" mkutano mkuu. Mmoja alikuwa amelazwa hospitali, mmoja alikuwa amesusia, na wa tatu hakupata taarifa. Je, inafaa wote watatu wapewe neno moja?